"Ni Utani Tu": Uzi Kuhusu Vichekesho vya Siasa, kutoka Kitale mpaka Bungoma

1/ Kila msimu wa siasa mambo huwa yale yale. Mtu anapanda juu ya gari, anashika maikrofoni, anatupa kichekesho kuhusu kabila fulani na umati unaangua kicheko. Kesho yake video inasambaa. Watu wanakasirika, na jibu linakuja mbio: "Ule ulikuwa utani tu." Hapo tunagawanyika. Wengine wanasema Wakenya siku hizi wanakasirika haraka, wengine wanasema jamaa akamatwe.

2/ Mimi nasoma sayansi ya siasa, na hili swali naulizwa sana. Leo nalijibu kwa historia ya huku kwetu, ukanda wa kutoka Kitale, unapita Kiminini na Kamukuywa mpaka ufike Bungoma. Kanuni ni ile ya siku zote: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukileta majina kwenye majibu, nakupita tu. Uzi ni mrefu, vuta kiti.

3/ Tuanze na jinsi kichekesho kinavyofanya kazi. Sikia hiki: "Serikali imesema barabara yetu itaisha Juni. Haijasema Juni ya mwaka gani." Umecheka? Sasa angalia, hakuna mahali nimesema ahadi za barabara huwa hazitimizwi. Hiyo sehemu umeijaza wewe. Ilikuwa tayari kichwani mwako, mimi nimeigusa tu.

4/ Mwanafalsafa mmoja wa Marekani, Ted Cohen, aliandika kitabu kizima kuhusu hili mwaka 1999. Hoja yake kwa ufupi: vichekesho vingi vina masharti. Lazima msikilizaji aje na kitu, yaani ujuzi, hisia ama imani, la sivyo hakuna kinachochekesha. Mpe mgeni kutoka nchi ambayo barabara huisha kwa wakati kile kichekesho cha Juni, atakuangalia tu.

5/ Kwa hivyo kichekesho ni sentensi yenye pengo, na kicheko ndicho kinachoonyesha pengo limejazwa na nini. Hotuba inakuambia mtu anataka uamini nini. Kicheko cha umati kinakuambia umati tayari unaamini nini, ama angalau unakijua vizuri kiasi cha kukielewa bila kuelezwa. Ndiyo maana mwanafunzi wa historia anafaa kusoma vichekesho kama anavyosoma barua za zamani.

6/ Tupime hii na kichekesho ambacho kila Mkenya amesikia: Mluhya ni mpishi ama ni soja wa usiku. Kiko kwenye jukwaa la vichekesho, kwenye redio, kwenye matatu. Pengo lake ni lipi? Ni kwamba kuna watu wamezaliwa kulinda geti na wengine wamezaliwa kulala ndani ya geti. Hiyo imani ilitoka wapi?

7/ Rudi 1895. Wabukusu walipigana na jeshi la Waingereza lililoongozwa na Hobley, na ngome ya Chetambe, karibu na Webuye ya leo, ikaanguka. Kwenye karatasi za serikali Wabukusu waliitwa "Kitosh", jina walilopewa na majirani, ambalo husemekana lilimaanisha maadui. Wilaya yote ikaitwa Kavirondo ya Kaskazini. Watu walisimamiwa kwa miaka mingi kwa majina ambayo hawakujiita.

8/ Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, upande wa Trans Nzoia uligawiwa walowezi, wengi wakiwa askari wastaafu. Reli ikafika Kitale mwaka 1926. Mahindi yalihitaji mikono, na mikono mingi ilitoka hapo jirani, Kavirondo ya Kaskazini. Watu walihamia mashamba ya wazungu kama maskwota: unapewa kijishamba na mahali pa kulisha ng'ombe, unalipa kwa jasho.

9/ Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya 1937 ikaongeza makali na kuzipa halmashauri za walowezi uwezo wa kupunguza mifugo yake. Fikiria mtu aliyekuja na ng'ombe, akaambiwa apunguze, halafu apunguze tena, mpaka abaki na nguvu za mwili wake pekee. Mtoto wa mtu kama huyo akienda mjini, kazi ya kwanza kupatikana ni ipi? Jikoni, shambani, getini.

10/ Sasa rudi kwa kichekesho. Kinafanya jambo moja la ujanja: kinachukua matokeo ya sheria za kazi na ardhi na kuyageuza tabia ya damu. Ukicheka bila kufikiria, umemeza miaka mingi ya historia kama kidonge. Sisemi ukicheka wewe ni mtu mbaya. Nasema angalia ulichokimeza.

11/ Kichekesho cha pili, hiki ni cha siasa kabisa: "Waluhya wawili, vyama vitatu." Huja kila uchaguzi. Wachambuzi wa televisheni wanakipenda, na Waluhya wenyewe tunakirudia tukitikisa kichwa. Cha kushangaza, kichekesho cha muundo huo huo husimuliwa na Wayahudi kuhusu Wayahudi: watu wawili, maoni matatu. Kwao wengi hukisema kwa fahari, maana kubishana ni kutumia akili. Kwetu kinasemwa kama ugonjwa. Kwa nini?

12/ Kwa sababu pengo ni tofauti. Ili kichekesho chetu kichekeshe, lazima uamini kwamba kabila linafaa kupiga kura kama mtu mmoja, na kabila lisilofanya hivyo lina kasoro. Hapo umekubali, bila mjadala, kwamba demokrasia ni hesabu ya makabila. Ukimuuliza mtu waziwazi, "Je, kila mtu wa kabila lako ni lazima afuate mtu mmoja?" wengi watakataa. Lakini wamecheka.

13/ Na historia inakicheka kichekesho chenyewe. Jina "Abaluyia" kama jina la pamoja ni changa. Lilishika nguvu miaka ya 1930 na 1940, wakati vyama vya wasomi na wafanyakazi vilipotaka sauti moja mbele ya serikali ya kikoloni. Chini ya mwavuli huo kuna Wabukusu, Wamaragoli, Wawanga, Watachoni, Wanyore na wengine wengi, wenye lahaja na historia zao. Mwaka 1895 kule Chetambe, Wawanga walikuwa upande wa Waingereza.

14/ Kwa hivyo anayecheka kwamba "hawaungani" anadhani umoja ndio ulikuwa mwanzo na mgawanyiko ukaja baadaye. Ni kinyume. Umoja ni mradi wa kisiasa wa juzi, na kama mradi wowote, watu wana haki ya kuukubali ama kuukataa. Hili likija kwenye mjadala, usibishane kuhusu nani ameuza nani. Uliza kwanza kwa nini mtu wa Bungoma na mtu wa Vihiga walazimike kupiga kura moja.

15/ Kichekesho cha tatu ni cha kuku. Huyu kuku ni muhimu kisayansi, msicheke. Mluhya akimtania Mluhya mwenzake kuhusu kuku, pengo limejazwa na ukarimu: mgeni akija kwetu anachinjiwa, na kila mtu anajua firigisi haiendi kwa mtu yeyote tu. Kicheko hicho ni cha kujivunia meza ya mama.

16/ Mpe kichekesho hicho hicho mtu aliye jukwaani anayesema watu wa huko "wananunulika kwa kuku". Kuku ni yule yule, maneno karibu ni yale yale, lakini pengo limebadilika. Sasa lazima uamini kwamba kura ya watu hawa ni ya bei rahisi. Kwa hivyo imani haiko ndani ya maneno peke yake. Iko kati ya anayesema na anayecheka.

17/ Hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Tuna mzaha, kejeli, dhihaka, na tuna utani. Mzaha unaweza kuufanya hata peke yako. Kejeli na dhihaka zinamlenga mtu, apende asipende. Lakini utani una mtani. Ni jina la uhusiano kabla ya kuwa jina la maneno. Huwezi kuwa na utani na mtu asiyekuwa mtani wako.

18/ Tanzania wanalijua hili vizuri zaidi yetu. Wasukuma na Wanyamwezi wana utani na Wazaramo, na makabila mengine mengi yana watani wao. Wasomi walianza kuuandika mapema: Moreau alichapisha utafiti kuhusu utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na Radcliffe-Brown mwaka 1940 aliandika makala maarufu kuhusu uhusiano wa namna hii Afrika na kwingine. Alichokiona: kila upande una ruhusa ya kukosa heshima, na kila upande una wajibu wa kutokasirika.

19/ Na si ruhusa ya bure. Mtani anaweza kuja msibani akamcheka marehemu mbele ya wafiwa, lakini mtani huyo huyo ndiye anayeshika kazi za mazishi. Anayekutania anakubeba. Baadhi ya watani wa leo walitoka kwenye vita vya jana: watu waliopigana, kisha wakaamua badala ya mikuki watarushiana maneno, kwa masharti.

20/ Kwetu Bungoma tuna jambo la karibu na hilo. Waliotahiriwa pamoja huitwa bakoki, na mkoki anaweza kumwambia mkoki mwenzake maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ni ugomvi. Kabla ya tohara, mtoto huenda kwa mjomba wake. Mjomba anamkemea, anamdhihaki, anamuuliza kama kweli ataweza kisu. Kisha mjomba huyo anamvika luliki, kipande cha nyama ya ng'ombe aliyemchinjia. Angalia hapo: dhihaka ya mjomba inamgharimu ng'ombe.

21/ Basi mwanasiasa akisema "ni utani tu", amedai jambo kubwa kuliko anavyojua. Amedai kwamba yeye na wale aliowacheka ni watani. Tunaruhusiwa kukagua dai hilo. Je, wao wanaweza kumrudishia mbele ya umati huo huo, wakacheka wote, wakarudi nyumbani salama? Na siku wakiwa na msiba, yuko wapi?

22/ Sasa tufike pale kicheko kinaposhikana na maisha ya watu. Nitaanza na gugu la shambani. Mwaka 1944 maafisa wa kilimo waliwaamuru wakulima wa Kavirondo ya Kaskazini wang'oe gugu fulani mashambani mwao. Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliwaambia watu wasitii. Huyu alikuwa mwanasoka aliyewahi kuichezea timu ya Kenya, na wazungu walimjua.

23/ Serikali ilimjibu namna gani? Mwaka 1945 ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa mpaka 1947. Huo ni mzaha wa dola. Pengo lake: Mwafrika anayekataa amri hawezi kuwa na sababu, kwa hivyo ni kichaa. Ukiamini hivyo huhitaji kusikiliza malalamiko yake kuhusu ardhi na kazi ya kulazimishwa.

24/ Lakini watu hawakucheka walipotakiwa kucheka. Februari 1948, pale Malakisi, polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi wake na watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa Lamu. Alirudi uhuru ulipokaribia, na serikali huru nayo ikaipiga marufuku dini yake tena mwaka 1968. Alifariki 1987. Leo, simulizi za Masinde zinazopigwa Bungoma zinamfanya yeye ndiye mjanja na afisa ndiye mjinga. Kicheko kilihama upande. Ukitaka kujua nani alishinda kwenye mioyo ya watu, sikiliza nani anachekwa.

25/ Lishike gugu hilo, usiliachilie. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya Trans Nzoia yaligawanywa: mengine yakawa miradi ya makazi, mengine yakanunuliwa na vikundi, mengine yakabaki ya shirika la serikali. Wabukusu walidai hapo ni kwao. Wasabaot walidai hapo ni kwao. Wengine walifika na risiti mkononi. Wote walikuwa na hoja, na wengi wao waliishi ua kwa ua, wakinunuliana mahindi na kutaniana.

26/ Halafu siasa za vyama vingi zikarudi. Mwishoni mwa 1991 na mwaka 1992, mapigano yalizuka Bonde la Ufa, na kwetu yakafika Endebess, pande nyingine za Trans Nzoia na Mlima Elgon. Nyumba zilichomwa, watu walilala makanisani. Wabukusu walifukuzwa, Wasabaot nao walishambuliwa. Kamati teule ya Bunge ilichunguza mwaka 1992, kisha Tume ya Akiwumi mwishoni mwa muongo huo.

27/ Lugha iliyoenea miaka hiyo ilikuwa ya madoadoa na magugu. Kwa mtu wa mjini, "kwekwe" ni neno tu. Kwa mtu wa Kitale, kaunti ya mahindi, kwekwe ni kitu unachokijua kwa mikono. Unajua kinafanywa nini. Mzungumzaji hahitaji kumalizia sentensi, mkulima ataimalizia mwenyewe. Ni pengo lile lile la kichekesho cha barabara, isipokuwa safari hii linalojazwa ni jirani.

28/ Ilijirudia. Januari 2008 vyombo vya habari viliripoti mafumbo yaliyotumika kwenye redio za lugha za mama: nguchiro aliyeiba kuku, watu wa maziwa wanaohimizwa kuondoa magugu. Fumbo la mnyama lina utamu wake, linachekesha, na anayelisema anaweza kukana. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wakati huo huo Mlima Elgon ulikuwa na vita vyake, vilivyokua kutoka ugomvi wa mradi wa makazi wa Chepyuk.

29/ Sasa jibu la wale wanaosema "hakuna mtu ameuawa na kichekesho". Kweli, kichekesho hakishiki panga. Thomas Ford na Mark Ferguson, wanasaikolojia, walipanga matokeo ya tafiti za namna hii katika makala ya 2004. Walichoeleza ni hiki: kichekesho cha kudharau kundi hakimfanyi mtu asiye na chuki aanze kuchukia. Kwa mtu ambaye tayari ana chuki, kinamfanya aone ubaguzi ni jambo la kawaida mahali pale, kwa wakati ule. Kinampa kibali.

30/ Hiyo ndiyo hatari ya kicheko cha umati. Ukiwa peke yako na imani yako mbaya, una aibu kidogo. Ukisikia watu elfu mbili wakicheka kwa pamoja, aibu inaisha. Umejua hauko peke yako. Rwanda redio ya RTLM ilipendwa kwanza kwa muziki na mizaha yake, na watu waliitwa mende hewani. Wahenga walishasema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

31/ Sheria yetu inasemaje? Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inatazama maneno ya vitisho, matusi ama dharau pamoja na nia ya kuchochea chuki ya kikabila, ama kama mazingira yote yanaonyesha chuki hiyo inaweza kuchochewa. Adhabu ni faini hadi shilingi milioni 1, ama kifungo hadi miaka 3, ama vyote viwili. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kusema lakini si matamshi ya chuki.

32/ Aprili 2022 Tume ya Uwiano ilitoa orodha ya maneno ya kuchunga kabla ya uchaguzi. Madoadoa yalikuwemo, kwekwe ilikuwemo, mende pia. Watu walifanya mzaha na orodha yenyewe, na enyewe walikuwa na hoja: ukipiga neno marufuku, kesho kuna neno jingine. Orodha inakamata maneno. Pengo linabaki pale pale.

33/ Kwa hivyo suluhu yangu si kunyamazisha vichekesho. Kuna mzaha ambao nchi hii inauhitaji sana, mzaha wa mdogo kumcheka mkubwa. Wahome Mutahi, aliyeandika safu ya Whispers, alifungwa mwaka 1986, akatoka akaendelea kuchekesha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kipindi cha Redykyulass kilimwiga rais kwenye televisheni, jambo ambalo miaka michache nyuma lilinong'onwa tu. Watu walicheka kwa sababu kila mtu alikuwa anaamini kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekisema kwa sauti. Hapo kicheko kilifanya kazi ya kura.

34/ Na kuna mzaha wa majirani unaoshonea watu pamoja. Benson Wanjau, Mkikuyu, aliigiza miaka mingi kwenye Vitimbi kama Mzee Ojwang', mwenye lafudhi ya Kijaluo. Alipofariki 2015 alililiwa na nchi nzima. Mnaweza kubishana kuhusu lafudhi yake, na ni haki. Lakini tazama aliyekuwa anachekwa: ni mzee mmoja, na vituko vyake nyumbani. Hakuna kabila lililoambiwa lihame.

35/ Basi mkikaa kwenye kijiwe chenu, Kitale, Kimilili ama Bungoma mjini, mkisikia kichekesho cha siasa, pitieni maswali matatu. La kwanza: ni lazima niamini nini ili hiki kichekeshe? Lisemwe kwa sentensi kamili, kwa sauti. Imani nyingi mbaya haziwezi kusimama zikisemwa kwa sentensi kamili.

36/ La pili: anayechekwa anaweza kurudisha? Kama anaweza, papo hapo, bila hofu, huo unakaribia kuwa utani. Kama akijibu atafukuzwa, basi hiyo ni dhihaka iliyoazima jina la utani. La tatu: kichekesho kinamtaka aliyechekwa afanye nini? Abadilike? Aone aibu? Ama aondoke? Kikifika kwa "aondoke", acha kucheka, mahali hapo pana historia.

37/ Mkiwa mkutanoni na mzungumzaji ametupa fumbo lake, kuna jambo dogo la kufanya ambalo halihitaji polisi. Muulize kwa upole: "Mheshimiwa, sijaelewa, hebu tueleze kinachochekesha." Mwache alijaze pengo kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu wote. Kichekesho cha barabara kitaelezeka vizuri tu. Cha kwekwe, mtamwona akitafuta maji ya kunywa.

38/ La mwisho, kwa wale wanaosema Wabukusu na Wasabaot ni watu wasioweza kukaa pamoja. Haya ni marika ya Wabukusu: Bakolongolo, Bakikwameti, Bakananachi, Bakinyikeu, Banyange, Bamaina, Bachuma, Basawa. Sasa muulize mzee wa Kisabaot ama Mkalenjin yeyote marika yao. Utasikia Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo, Sawe.

39/ Ni mzunguko ule ule. Zamani sana, kabla ya reli, kabla ya hatimiliki, watu wa mlima na watu wa bonde walihesabu vizazi vyao kwa majina yaliyofanana. Kuna wakati walikuwa karibu kiasi cha kushirikiana kisu na kalenda. Anayekuambia jirani yako ni doa kwenye kitambaa anakuomba umsaidie kusahau hilo, na njia rahisi ya kukusahaulisha ni kukuchekesha.

40/ Uchaguzi ujao uko njiani, na vichekesho vimeshaanza. Andikeni hapa chini kichekesho kimoja cha siasa mlichosikia hivi karibuni, bila jina la mtu wala chama, kisha muandike sentensi kamili inayojaza pengo lake. Mzee wenu akikumbuka cha 1992 ama cha enzi za maskwota, hicho ndicho nakitaka zaidi. Nitavikusanya kwenye uzi unaofuata.